Makofi ya Jumatano

Gazeti la Bila Woga lilikuwa na desturi ya kuandika makofi kabla hayajapigwa. Wenyewe hawakuiita hila. Waliiita mpangilio wa kazi. Gazeti lilitoka Alhamisi asubuhi, na ili liwahi mabasi ya mikoani ilibidi mtambo uanze kuzunguka Jumatano saa nane mchana. Mawaziri nao, kwa sababu wanazozijua wao, walipenda kufungua vitu Jumatano. Basi Wizara ya Habari ikawa inaleta hotuba Jumanne, imepigwa taipu vizuri, na Mhariri akiongeza yaliyobaki kutoka kichwani mwake: jua lilivyowaka, wazee walivyotikisa vichwa kwa kuridhika, Mheshimiwa alivyokatizwa na makofi mara tatu. Kama Mheshimiwa mwenyewe ni mtu wa kwao Mhariri, alikatizwa mara tano.

Mkewe ndiye aliyepanga herufi za chuma za kuchapia. Mtaani walimwita Mama Herufi, kwa kuwa tangu gazeti lianzishwe, enzi za mkoloni, hakuna neno lililotoka humo bila kupita vidoleni mwake, herufi moja moja, kinyumenyume. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Ukishayabeba maneno kwa trei ukajua yana kilo ngapi, huyamwagi ovyo. Sentensi ya “huku akishangiliwa na umati mkubwa wa wananchi” alikuwa ameacha kuibomoa siku nyingi. Aliifunga kwa uzi, akaiweka rafuni ikiwa nzima, maana kila wiki ilihitajika. Hakuona kosa. Nani anavunja sufuria kwa kuwa amemaliza kupika?

Kwa hiyo wiki ambayo Waziri wa Afya alipangiwa kufungua zahanati wilayani kwa kina Mama Herufi, mwendo wa saa tisa kwa basi, hakuna aliyejisumbua kuliko kawaida. Aliitoa sentensi yake rafuni, akaweka jina la mahali, akapanga yaliyofuata: vitanda kumi, wakunga wawili, dawa za kutosha. Kusema kweli aliona fahari, kwani zahanati yenyewe ilikuwa kijiji cha pili kutoka kwa mdogo wake, na mdogo wake alikuwa na mimba ya miezi minane. Akamtumia nakala kwa basi, amezungushia wino mwekundu pale penye habari.

Siku kumi na mbili baadaye, Jumatatu, mume wa mdogo wake alisimama mlangoni pa chumba cha mtambo. Kazi yake ni ufundi baiskeli. Mikono yake ilikuwa na weusi uleule wa mikono ya Mama Herufi, ila wake ulitokana na grisi. Aliambiwa akae mara tatu ndipo akakaa, tena kwenye ukingo wa benchi, akatoa kifuani ukurasa uliokunjwa mara nne. Wino mwekundu ulikuwa umeenea kwa jasho.

Alieleza taratibu, bila kupandisha sauti. Waziri hakufika. Alikuta barabara ina tope, akala chakula cha mchana kwa Mkuu wa Wilaya, akageuza gari. Zahanati ipo, imepakwa rangi, ina kufuli. Ukichungulia dirishani unaona mifuko ya saruji na ngazi. Lakini hilo wao hawakulijua, maana hakuna mtu aliyekuwa na haja ya kwenda kuchungulia. Gazeti lilikuwa limeshasema. Uchungu ulipomshika mkewe kulikuwa na njia mbili. Hospitali ya wilaya ilikuwa mbali, saa nne ukibahatika kupata lori. Zahanati ilikuwa saa moja kwa baiskeli.

“Nikampakia,” alisema Fundi Baiskeli. “Tukagonga. Nikamwambia wakunga wamelala, ngoja kidogo. Tukagonga tena mpaka kukakucha.”

Mama Herufi aliuliza kama mdogo wake yu hai.

“Yu hai. Yuko hospitali ya wilaya, homa haijashuka. Mama yangu yuko naye.” Akaukunja ule ukurasa upya, kwa mikunjo ileile. “Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.”

Mama Herufi alikuwa ameshika kijiti cha kupangia herufi, akakiweka chini polepole kana kwamba kimejaa maji. Alikuwa na hamu ya kusema kwamba yeye hupanga tu, anayeandika ni mwingine. Neno hilo lilimfika mpaka kwenye meno, akalimeza, na aliona aibu kwamba lilikuwa la kwanza kumjia.

Fundi Baiskeli hakuwa amemaliza. Watu waliona gazeti linasema vitanda kumi, na ndani hamna hata kimoja, wakafanya hesabu yao: vimeibwa. Mlinzi wa zahanati, mzee mmoja mwenye rungu na tochi isiyo na betri, alikuwa mahabusu siku ya sita kwa kuiba vitanda kumi, wakunga wawili hawakutajwa kwenye hati ya mashtaka. Na wanawake bado walikuwa wakienda. Juzi alipelekwa mmoja kwa machela kutoka ng’ambo ya mlima. Ukiwaambia hapajafunguliwa, wanakuuliza wewe nani kushinda gazeti.

“Sikuja kugombana, shemeji,” alisema. “Nimekuja kuomba mistari mitatu.”

Mhariri alipoingia na kuelezwa, alilia. Tuseme haki: machozi yalikuwa ya kweli, na shati lililowa. Kisha akavuta kiti, akafungua kalamu, na kwa kuwa hakuwahi kulia bila kuandika, akaandika. Alikuwa amefungwa na mkoloni miezi minane kwa kuchapa ukweli. Picha yake akitoka gerezani ilining’inia juu ya mtambo, yeye mwembamba, mkono juu. Sahihisho lake lilianzia gerezani humo. Lilipita kwa mababu, likaeleza wajibu wa kalamu, na kufikia mstari wa arobaini zahanati ilikuwa bado haijatajwa.

Mama Herufi alilisoma lote amesimama. Akachukua karatasi nyingine, akaandika: Zahanati tuliyosema imefunguliwa haijafunguliwa. Haina vitanda, wakunga wala dawa. Akina mama wajawazito waende hospitali ya wilaya.

Mhariri aliisoma mara mbili. “Sawa,” alisema, “lakini hapa mimi niko wapi?”

“Hupo,” alisema mkewe. “Wala mimi sipo. Ndiyo maana inatosha mistari mitatu.”

Alikubali. Alikubali kwa moyo mmoja, akamshika Fundi Baiskeli begani na kumwita ndugu yangu, akasema Alhamisi nchi nzima itasoma. Ila kwanza, kwa adabu tu, angempigia simu Katibu wa Wizara ya Habari. Si kuomba ruhusa, Bila Woga haliombi ruhusa. Ni kumjulisha tu, asije akasikia barabarani. Katibu alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Enzi za mkoloni alikuwa akiandika humo kwa jina la bandia, na mara mbili askari walipokuja kupekua alijificha nyuma ya marobota ya karatasi, Mama Herufi akikaa juu ya robota na kujifanya anamenya viazi.

Katibu alikuja mwenyewe Jumanne saa nne, kwa gari la Wizara lililojaa upana wote wa uchochoro. Alikuwa amenenepa vizuri. Alimkumbatia Mhariri, akamsalimu Mama Herufi kwa “shemeji, mbona huzeeki”, kisha akamwona Fundi Baiskeli kwenye benchi, na mikono yake myeusi, akadhani ni mtu wa mtambo.

“Hebu niletee maji ya kunywa, bwana,” alimwambia.

Palikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema: huyu ni shemeji yetu, mtoto aliyekufa ni wa kwake. Mama Herufi alimtazama mumewe aiseme, kwani mgeni alikuwa wake. Mhariri alikuwa ghafla ameona vumbi kwenye mkono wa shati lake. Fundi Baiskeli akainuka, akaenda mtungini, akaleta maji kwa mikono miwili. Katibu akanywa yote.

Hakutisha. Watu waliosikia habari hizi baadaye walidhani alitisha, na Mhariri hakuwasahihisha, lakini ukweli ni kwamba hakutisha hata kidogo. Alisema tu kwamba Rais amekwisha kumpongeza Waziri kwa telegramu, na telegramu ya Rais hairudi ilikotoka. Alisema nchi ina umri wa miaka mitatu, na huwezi kumwita mtoto wa miaka mitatu mwongo mbele ya wageni. Mhariri alijibu vizuri. Alisema habari za wageni hazimhusu, alipokuwa gerezani hakuwaona hao wageni. Alisimama chini ya picha yake, na kwa muda wa dakika nzima alifanana nayo. Mama Herufi alimpenda kwa dakika hiyo.

“Hakuna anayekuzuia,” alisema Katibu. “Chapa. Nchi huru hii.” Akafungua mkoba, akatoa nakala ya ile hotuba. “Ila soma hapa. Wizara iliandika: Waziri atafungua, Waziri atasema. Ata-ata tupu. Hakuna mahali tulipoandika makofi. Mara tatu, kwa dakika nzima, wazee wakifuta machozi.” Akacheka kwa upole. “Hayo uliyatunga wewe, ndugu yangu. Sisi tulidhani ulikuwa na mtu pale. Sasa ukisahihisha, utabidi uwaambie wasomaji uliyatoa wapi. Na wakishauliza ya wiki ile, watauliza ya wiki nyingine zote.”

Mhariri alikaa chini. Mama Herufi alimwona anavyokaa, akajua mambo yamekwisha. Kufungwa kwa ajili ya ukweli alikuwa tayari hata jioni ile, nguo zake zilikuwa zimepigwa pasi. Kuchekwa kwa ajili yake, hapana. Mkoloni alimpiga, akamlaza sakafuni, akamnyima kalamu, lakini hakuwahi kumfanya aonekane mjinga, na hiyo ndiyo gharama pekee ambayo shujaa huyu hakuwa ameiweka kwenye bajeti.

Wakaanza kutafuta maneno. Walikaa wawili mezani, marafiki wa zamani, kama wanaocheza karata. Mhariri akapendekeza: zahanati imefungwa kwa muda kwa ajili ya ukarabati. Mama Herufi akasema huo nao ni uongo, lakini angalau ni uongo unaomrudisha mja mzito njiani, yeye angeupanga. Katibu akakataa. Jengo la wiki mbili linakarabatiwa nini? Mkandarasi ni mtu wa heshima. Basi iandikwe kwamba huduma zitaanza kikamilifu hivi karibuni. Neno kikamilifu likakatwa kwa kuwa linaleta maswali. Hivi karibuni nalo likakatwa. Kufikia saa sita walikuwa wamebakiwa na tangazo lililomridhisha kila mtu aliyekuwa na kiti: Wananchi wanaotumia zahanati mpya wanakumbushwa kufika saa za kazi.

Katibu akaondoka. Mlangoni alisema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba mgao wa karatasi wa miezi mitatu ijayo uko tayari ghalani.

Fundi Baiskeli aliomba lile tangazo alisome. Alisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno. “Sisi tulifika baada ya saa za kazi,” alisema. “Kwa hiyo kosa ni letu.”

Mhariri akamwambia asilichukue hivyo, akaingia vitabuni kueleza mikakati ya muda mrefu, kwamba leo ukirudi nyuma hatua moja kesho unapata pa kurukia. Alizungumza vizuri mno. Fundi Baiskeli alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akamuuliza Mama Herufi basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

“Alhamisi,” alisema Mama Herufi. Lilikuwa linaondoka kila siku.

Jumatano Mhariri alitayarisha hotuba yake, akavaa suti, akaenda kwenye dhifa ya mchana ya balozi fulani, ambako alitarajiwa kuzungumzia uhuru wa magazeti. Alimwachia mkewe tangazo juu ya meza, limewekewa jiwe lisipeperuke. Mama Herufi akapanga ukurasa wa mbele wote kama kawaida. Alipofika kwenye nafasi ya tangazo akapanga mistari yake mitatu. Akaitazama. Alijua wasomaji wa wilayani kwake: wangeuliza, juzi mlisema hivi, leo hivi, tuamini lipi? Mistari mitatu haikutosha. Akaongeza wa nne: Makofi tuliyaandika sisi wenyewe hapa ofisini, hatukuwa na mtu huko.

Mstari huo aliupanga polepole, na hakumdanganya mtu kwamba ni ujasiri. Aliogopa. Hakuogopa polisi, alimwogopa mtu mmoja aliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na saba, ambaye alikuwa anajua hasa ni wapi atamuumiza.

Mtu wa mtambo alikuwa anaumwa. Fundi Baiskeli akavua shati, akashika gurudumu. Alilisikiliza mizunguko miwili mitatu, akalitia grisi mahali ambapo halijawahi kutiwa tangu uhuru, na mtambo ukazunguka laini hata nakala ya mwisho. Wakafunga marobota. Lile la wilayani kwao alilipeleka yeye mwenyewe stendi, begani, na hakuliachia mpaka alipoliona limefungwa juu ya basi.

Mtaa ulisoma asubuhi na mapema. Mhariri alipotoka kwenda kununua mkate, kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu, akampigia makofi. Fundi cherehani naye akapiga. Kufikia duka la mkate alikuwa ameshangiliwa na umati mkubwa wa wananchi. Alirudi bila mkate. Hakumpiga mkewe, hakumtukana. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya chini, ameangalia ukuta: kwamba mkoloni alitumia miezi minane na askari kumi na wawili kutaka kumvunja, akashindwa, na yeye mkewe ametumia mistari minne. Lilikuwa kweli kiasi, na lilimchoma Mama Herufi.

Siku nzima walingoja gari la polisi. Halikuja. Badala yake, Ijumaa saa tatu, simu ililia, ni Katibu. Mhariri aliipokea amesimama, akasikiliza, akakaa, akaanza kutabasamu. Waziri alikuwa amesoma gazeti. Waziri hakukasirika, Waziri anathamini sana ukosoaji unaojenga. Zahanati itafunguliwa kesho Jumamosi, safari hii kwa trekta kama tope litazidi, na Mhariri amewekewa kiti katika gari la tatu.

“Umeona?” alimwambia mkewe huku akitafuta viatu. Hasira ya jana ilikuwa imemtoka yote. “Umeona nguvu ya gazeti? Nilijua. Mstari ule wa nne hasa, ndio uliowashika. Nilikuwa naufikiria mwenyewe.” Akambusu kwenye paji la uso na kumwambia apange nafasi ya safu tatu ukurasa wa mbele, na aache mahali pa picha.

Mama Herufi hakupanga chochote. Jumamosi alifunga chumba cha mtambo, akapanda basi pamoja na Fundi Baiskeli. Njia nzima alijipa moyo, na si kwa ujinga. Mambo yalikuwa yametendeka kweli. Mlango utafunguliwa. Mwanamke wa ng’ambo ya mlima akigonga, mtu ataitikia. Mtoto wa mdogo wake hatarudi, lakini mistari minne ilikuwa imefanya kazi ambayo arobaini haingeifanya, na alijiruhusu kufurahi kidogo, akiangalia nje ili shemeji yake asimwone.

Basi liliwashusha wilayani usiku, na Jumapili asubuhi wakaingia hospitali ya wilaya. Wodi ya wazazi ilikuwa chumba kirefu cha madirisha mengi, na Mama Herufi alipoingia alidhani amekosea mlango, kwa kuwa chumba kilikuwa kitupu. Kisha akaangalia chini. Wanawake kumi walikuwa wamelala sakafuni kwa mstari, kila mmoja juu ya blanketi lililokunjwa, na kwenye sementi yalionekana madoa ya kutu, manne manne, mahali palipokuwa na miguu ya vitanda.

Muuguzi alieleza bila kunung’unika, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lori la Wizara lilikuja Ijumaa mchana. Gazeti lilisema zahanati haina vitanda, na Waziri asingeweza kufungua zahanati isiyo na vitanda. Wakachukua kumi, na wakunga wote wawili. Ilikuwa shughuli nzuri, walisikia makofi yalikuwa mengi. Vitarudi baada ya wapiga picha wa Wizara kumaliza, labda Jumanne, labda wiki nyingine. Mama Herufi akauliza habari za yule mlinzi. Muuguzi akasema bado yuko ndani. Sasa kwa kuwa vitanda vimepatikana, imethibitika kwamba viliibwa.

Mdogo wake alikuwa wa nne kutoka mlangoni. Homa ilikuwa imempunguza uso mpaka macho yamekuwa makubwa. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kichwani pake, anampepea kwa kipande cha boksi. Fundi Baiskeli akapiga goti, akamshika mkewe mguu juu ya blanketi. Mama Herufi akakaa sakafuni. Sementi ilikuwa baridi, ilipenya kanga mara moja, akafikiria kwamba mdogo wake amelala hapo siku mbili.

“Nimesikia mmeandika,” alisema mdogo wake.

“Tuliandika.”

“Wote hapa wamesikia. Kuna mmoja pale mwisho anajua kusoma, alitusomea.” Alipumzika kidogo. “Nikawaambia ni dada yangu huyo.”

Mama Herufi alitaka kumwambia mambo mengi: kwamba ataandika tena, kesho, atapanga yote haya, lori, vitanda, sakafu, na jina la Waziri kwa herufi kubwa kuliko zote alizonazo. Tayari vidole vyake vilikuwa vinayatafuta maneno. Mdogo wake aliviona vidole hivyo. Alikuwa akiviona tangu utotoni, na alijua vinachofanya vikitikisika hivyo. Akanyoosha mkono wake wenye moto, akavifunika.

“Dada,” alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba jirani apunguze redio, “nakuomba. Msituandike tena.”